Mtoto Anakwenda Uingereza: Atasoma Wapi?

    

Leo nazungumza na baba na mama ambao barua ya kazi imeshafika. Viza imetoka au iko mbioni, wazee wamekwisha kuagwa, na mabegi yamelala wazi sebuleni yakisubiri kupangwa. Katikati ya pilikapilika hizo yupo mtoto wa miaka minne, mitano au sita, anauliza kama huko Uingereza kuna bembea. Swali langu kwenu ni moja: mmekwisha kujua mtoto huyu atasoma wapi?

Nimechagua Uingereza kwa kuwa wauguzi, madaktari na wanafunzi wetu wengi wanaelekea huko. Na nikisema Uingereza leo, nakusudia England yenyewe. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina utaratibu wake wa elimu. Kule Scotland, kwa mfano, mwaka wa shule unaanza Agosti, wakati England unaanza Septemba. Kwa hiyo ninyi mnaokwenda Glasgow au Edinburgh, haya ya leo yasikilizeni, lakini mkaulize na ya huko.

Sasa, sisi hapa nyumbani tunatafutaje shule? Mzazi mwenye uwezo kidogo huanza na jina. Anasikia kwa jirani kwamba shule fulani inafaulisha. Anakwenda kuchukua fomu, mtoto anafanyiwa usaili, ada inalipwa, mchango wa dawati unalipwa, na tangu siku hiyo basi la manjano linamchukua mtoto alfajiri Mbagala na kumpeleka Mbezi. Nyumba iko huku, shule iko kule, na basi ndilo linaloziunganisha. Tumezoea hivyo, na kwa mazingira yetu yanakwenda.

Ukifika England na mazoea hayo utagonga mwamba. Shule za serikali za kule, ambazo ndizo wanazosoma watoto walio wengi, hazina ada. Kanuni za uandikishaji zinaikataza shule kumfanyia usaili mtoto au mzazi wake ili kuamua kama apewe nafasi, na zinakataza kuomba mchango wowote wa fedha kama sharti la kumpokea. Hakuna mtu wa kwenda kumwona ofisini. Kinachoangaliwa ni mambo machache yaliyoandikwa na kutangazwa hadharani, na kwa mgeni anayeshuka uwanja wa ndege, kubwa kati ya hayo ni mahali anapolala.

Naomba hili nilirudie, maana ndilo lililonileta hapa leo. Kule, nyumba mtakayopanga ndiyo itakayomtafutia mtoto shule. Mkipanga nyumba bila kuangalia shule zilizo jirani, mmekwisha kumchagulia mtoto shule bila kujua.

Inakuwaje? Shule ikipata maombi mengi kuliko nafasi, inafuata orodha ya vipaumbele. Wa kwanza ni watoto walio chini ya uangalizi wa serikali. Shule nyingi zinafuatisha watoto wenye ndugu zao palepale shuleni. Halafu inafika zamu ya umbali: unapimwa umbali kutoka nyumbani kwenu hadi shuleni, na aliye karibu anamtangulia aliye mbali. Zipo shule za London zinazopendwa sana ambazo nafasi huisha kabla hata ya kuwafikia watoto wanaoishi mita mia chache kutoka getini. Umeusikia umbali huo? Ni mwendo wa kwenda dukani kununua chumvi.

Basi, kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, fanyeni kazi hii ndogo. Chukueni postikodi ya nyumba mnayoonyeshwa. Watanzania mnalifahamu neno hilo tangu lilipopita zoezi la anwani za makazi. Ingieni kwenye tovuti ya halmashauri ya eneo lile, tafuteni kitabu cha uandikishaji wa shule za msingi. Humo halmashauri nyingi zinaonyesha, shule kwa shule, mtoto wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliopita alikuwa anaishi umbali gani. Linganisheni na nyumba yenu. Halafu pigeni simu halmashauri mwulize: katika darasa la umri wa mwanangu, shule zipi za karibu zina nafasi wazi leo? Halmashauri inatakiwa kumpa mzazi habari hizo. Simu hiyo moja inaweza kuwaonyesha kwamba mtaa wa pili, kwa kodi ileile, shule ipo na nafasi ipo.

Kuna wazazi watakaoniuliza, na ninajua wengi wanaogopa kuuliza kwa sauti: viza yetu imeandikwa kwamba haturuhusiwi kutumia fedha za umma. Je, shule haimo humo? Haimo. Elimu ya shule za serikali haihesabiwi katika zile fedha za umma zinazotajwa kwenye viza. Mtoto anayeishi nchini kama mtegemezi wa mzazi mwenye viza ya kazi ana haki ya kusoma shule ya serikali, na shule haina ruhusa ya kumnyima nafasi kwa sababu ya uraia wake. Mzazi aliyesikia vibaya anaweza kumweka mtoto nyumbani akihofia viza yake, na hofu hiyo haina msingi wowote.

Tuje kwenye umri. Mtoto wa England anaingia darasa linaloitwa Reception mwezi Septemba baada ya kutimiza miaka minne. Minne, wasikilizaji! Kisheria anapaswa kuwa masomoni kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitano, lakini walio wengi huanza na minne. Maombi ya kuingia Reception mwezi Septemba yanafungwa tarehe 15 Januari ya mwaka huohuo, na majibu hutolewa tarehe 16 Aprili, au siku ya kazi inayofuata. Asiyekuwepo na lake halipo: fomu ikichelewa inashughulikiwa baada ya zote zilizowahi, na hapo mtapewa kilichobaki.

Fomu yenyewe inajazwa mtandaoni, kwa halmashauri ya mahali mnapoishi, hata kama shule mnayoitaka iko halmashauri ya jirani. Mtapewa nafasi ya kutaja shule tatu au zaidi. Hapa naomba tutulie kidogo. Mzazi wa kwetu, kwa kuonyesha msimamo, anaweza kuandika shule moja tu na kuziacha nafasi nyingine wazi, akiamini kwamba wakiona ameshikilia hiyo watampa. Hawatampa kwa ajili hiyo. Shule hairuhusiwi kukupa kipaumbele kwa sababu umeiweka ya kwanza. Kila moja inakupima kwa vigezo vyake, na ikiwa umefuzu mbili, halmashauri inakupa ile uliyoiandika juu zaidi. Kwa hiyo andikeni mnayoitaka kweli juu kabisa, na chini yake jazeni nyingine zote mnazoruhusiwa, walau moja iwe ya jirani kabisa ambayo haijai. Na mkipewa shule msiyoipenda, ikubalini. Kukubali hakuwatoi kwenye orodha ya kusubiri ya ile mnayoitaka, wala hakuwanyimi haki ya kukata rufaa.

Mtaniuliza: na sisi tunaofika Novemba, au Machi, katikati ya mwaka? Ninyi ndio wengi, nawajua. Hamtasubiri Septemba. Mtaomba nafasi ya katikati ya mwaka, kupitia halmashauri au moja kwa moja shuleni, kutegemea eneo. Jibu linapaswa kuwafikia kwa maandishi, na mwisho wake ni siku 15 za shule. Tatizo la wanaofika katikati ya mwaka ni kwamba madarasa yamekwisha kujaa. Darasa la Reception na mawili yanayolifuata yana kikomo cha kisheria cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na watu wa kule wanakiheshimu kikomo hicho. Ndiyo maana familia yenye watoto wawili inaweza kuambiwa mkubwa aende shule hii na mdogo aende ile, na mama akabaki anakimbia kati ya mageti mawili kila asubuhi. Mkiwa na watoto wawili wadogo, liulizeni hilo katika ile simu ya kwanza. Na kama shule ya karibu inayofaa na yenye nafasi iko zaidi ya maili mbili, yaani zaidi ya kilomita tatu, mtoto aliyefika umri wa lazima wa shule na aliye chini ya miaka minane anastahili usafiri wa bure wa halmashauri. Uombeni, maana hawatawaletea mlangoni bila kuomba.

Makaratasi je? Cheti cha kuzaliwa. Ndugu zangu wa Tanzania, lile tangazo la kizazi mlilopewa hospitalini halitoshi. Nendeni kwa wakala wa usajili wa vizazi, RITA, mkatoe cheti kabla ya safari, maana kukifuatilia mkiwa Birmingham ni kazi nyingine kabisa. Ushahidi wa anwani, kwa kawaida mkataba wa nyumba au bili ya kodi ya halmashauri. Kadi ya kliniki nayo ibebeni: England haimzuii mtoto kuingia shule kwa kukosa chanjo, lakini zahanati itaihitaji ili ijue aendelee wapi. Na kwa Wakatoliki, bebeni cheti cha ubatizo. Zipo shule nyingi za Kanisa Katoliki zinazogharimiwa na serikali, hazina ada, na zinapojaa huwatanguliza watoto waliobatizwa. Cheti hicho kinaweza kuwa na nguvu kuliko umbali wa nyumba. Zipo pia za Kanisa la Anglikana, na chache za Waislamu. Shule za namna hii mara nyingi zina fomu ya pili ya kwao, mbali na ile ya halmashauri, na anayeisahau hiyo ya pili huhesabiwa kama mtu asiye na dini hiyo.

Jambo linalowashtua wazazi wetu kuliko yote ni darasa atakalowekwa mtoto. Tuseme binti yenu ana miaka sita na nusu. Hapa ndiyo kwanza amevaa sare ya darasa la kwanza. Kule, wenzake wa umri huo wako mwaka wa kwanza wakiumaliza, au wameshaingia wa pili, na kabla ya hapo walipita Reception. Atawekwa na wenzake. Hawapimi anajua nini ndipo wampangie darasa. Wanaangalia tarehe ya kuzaliwa, na mwaka wao unakatwa tarehe 31 Agosti. Mzazi anaomba arudishwe nyuma ashike msingi. Kwa kawaida jibu ni hapana. Msihangaike sana na hilo. Kazi ya kumfikia mtoto alipo, ndani ya darasa la wenzake, ni ya mwalimu, na kumbakiza na watoto wadogo kuliko yeye kungemwumiza kwa njia nyingine. Nafuu ipo kwa wale wanaoingia mwanzoni: mtoto aliyezaliwa kati ya tarehe 1 Aprili na 31 Agosti, mzazi anaweza kuomba aanze Reception mwaka mmoja baadaye. Ni ombi, linaweza kukubaliwa au kukataliwa.

Sasa tuingie ndani ya siku yenyewe ya shule, maana hapo ndipo mambo ya kazi na ya mtoto yanapogongana. Shule inafunguliwa karibu saa tatu kasorobo asubuhi. Inafungwa karibu saa tisa na robo alasiri. Mtoto mdogo hatoki mpaka mwalimu amwone kwa macho mtu mzima aliyeandikwa kumchukua. Muuguzi wa zamu ndefu anaingia wodini saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa mbili usiku. Nani atakuwa getini? Hapa nyumbani tunaye dada wa kazi, tunaye bibi, tunaye shangazi wa mtaa wa pili. Kule hawapo. Shule nyingi zina klabu ya asubuhi na klabu ya jioni, lakini ya jioni kwa kawaida hufungwa kufikia saa kumi na mbili. Kwa hiyo wazazi wawili wasikubali zamu kabla ya kuweka mezani ratiba ya wiki nzima, jina la nani siku gani. Na mkimlipa jirani asiye ndugu akae na mtoto wa chini ya miaka minane nyumbani kwake kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, sheria inamtaka awe amesajiliwa. Hata awe Mtanzania au Mkenya mwenzenu.

Chakula cha mchana ni bure kwa watoto wote wa Reception, mwaka wa kwanza na wa pili katika shule za serikali. London ni bure kwa shule nzima ya msingi tangu Septemba 2023. Mwambieni mwalimu mapema kama mtoto hali nguruwe, au anakula nyama ya halali tu. Na suala la kuja nyumbani kwa harusi ya mdogo wenu katikati ya muhula, liondoeni kichwani. Kumtoa mtoto shuleni siku tano bila ruhusa kunaweza kuleta faini ya pauni 160 kwa kila mzazi na kwa kila mtoto. Ikilipwa ndani ya siku 21 inakuwa pauni 80. Harusi ipangwe Agosti.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Lugha. Wazazi wengi, miezi mitatu kabla ya safari, wanaacha kusema Kiswahili na mtoto. Wanamsemesha Kiingereza asubuhi na jioni ili asiaibike. Nawasihi, msifanye hivyo. Mtoto wa miaka mitano atakipata Kiingereza uwanjani, kwenye mchezo, kutoka kwa watoto wenzake, na atakipata haraka kuliko ninyi. Anaweza kukaa kimya darasani kwa wiki kadhaa, hata miezi. Walimu wa kule wanakijua kimya hicho, wanajua mtoto anasikiliza na anaweka akiba. Siku moja atafungua kinywa na sentensi nzima.

Tena anakuja na mtaji. Kule mtoto anafundishwa kusoma kwa sauti za herufi. Anaanza na s, a, t, p, i, n, anaziunganisha mbilimbili, tatutatu, mpaka neno linatoka. Mtoto wenu aliyekwisha kuimba ba, be, bi, bo, bu kwenye kibaraza cha chekechea ameshaujua mlango huo: herufi ina sauti, sauti zikishikana zinazaa neno. Mwendelezeeni usomaji wa Kiswahili jioni, kitabu kimoja, kurasa mbili, kabla ya kulala. Na mwalimu akiuliza nyumbani mnazungumza lugha gani, jibuni Kiswahili, tena kwa fahari. Kama mnazungumza Kihaya au Kikamba, kitajeni nacho. Jibu hilo linamsaidia kupanga msaada. Halimpunguzii mtoto hadhi.

Kabla ya kuondoka, mfundisheni mambo machache ya Kiingereza anayoyahitaji siku ya kwanza: kutaja jina lake, kuomba maji, kuomba kwenda chooni, kusema tumbo linamwuma. Na mengine hayahitaji lugha yoyote. Avae koti mwenyewe na kufunga zipu. Ajisafishe mwenyewe chooni. Avue na kuvaa viatu bila kusaidiwa. Mtoto wa kwetu aliyelelewa na mikono mingi mara nyingi hajawahi kufunga zipu ya koti, na mwezi Novemba watoto thelathini wanasubiri kutoka nje, mwalimu ni mmoja na msaidizi wake. Mnunulieni koti mapema, hata la mtumba, aanze mazoezi Dar es Salaam kwenye joto hilohilo.

Neno langu la mwisho ni kwenu mliotangulia, mlioko Leicester, Sheffield, Manchester na London, ambao fomu hizi mmezijaza na mageti haya mmeyasimamia mvuani. Mgeni akiwapigia simu wiki hii kuulizia nyumba, msimpe bei ya kodi peke yake. Mwulizeni mtoto wake amezaliwa lini, halafu mtajieni shule iliyo jirani na namba ya simu ya halmashauri. Mimi ninawaaga hapa. Kwaherini, na safari njema kwenu mnaosafiri.